Kikundi cha pwani Tanga kianzie wapi: BMU kama za Ziwa Victoria, kufunga mwamba, au kwenda kwenye chanzo cha mto?

Kikundi chenye watu thelathini, ngalawa mbili na akiba ya petroli ya mwezi mmoja hakiwezi kuilinda bahari yote. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu mikutano ya mazingira hapa Tanga ina tabia moja: inaanza na orodha. Baruti, nyavu haramu, mikoko, plastiki, mwani unaokufa, majitaka, matope ya mtoni. Adhuhuri ikiadhiniwa kila mtu ameshaunga mkono kila kitu, soda zimeisha, na kesho yake hakuna kilichoanza.

Zipo njia tatu ambazo Watanzania wameshazihangaikia miaka mingi, kwa hiyo tuna cha kulinganisha. Ya kwanza imekomaa Ziwa Victoria: kikundi cha usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambacho kila mtu anakiita BMU. Ya pili ni ya miamba yetu wenyewe, kufunga sehemu kwa muda. Ya tatu haiko majini kabisa, iko Amani, kwa wakulima wa kando ya Mto Zigi. Kila moja ina shida inayoiweza na shida isiyoiweza, na anayechagua aanzie hapo, asianzie kwenye jina lililo kwenye fulana za mfadhili.

Ziwani: kumjua aliyeshusha boti

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Takriban nusu iko Tanzania, sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Uganda, na Kenya ina kona ya asilimia 6 hivi. Sangara hajui mpaka, na mvuvi wa ziwa naye haujali sana: samaki wakiadimika Ukerewe anahamia Musoma, Musoma wakiadimika anavuka. Swali la ziwa tangu zamani limekuwa hili: huyu aliyefika mwaloni kwetu katoka wapi, na kabeba nyavu gani?

Upande wa Tanzania BMU zilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, zikatambuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, kisha nchi tatu zikakubaliana mwongozo mmoja kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja. Zikaenea mpaka zikapita 1,000 kuzunguka ziwa. Nionavyo mimi, hazikupewa uzito na semina. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya minofu vikakosa soko, na kila mwenye boti akaelewa kuwa mtu mmoja mwenye chupa ya dawa ya mashambani, upande wa pili wa ziwa, anaweza kumfungia yeye biashara.

Muundo wa kamati ndio ninaoupenda zaidi. Mwongozo unataka wajumbe 9 hadi 15, na viti vimegawanywa: wenye boti wana sehemu yao, wanaoajiriwa kwenye boti wana yao, wachuuzi na mafundi wa mwaloni wana yao, na wanawake wasipungue watatu. Linganisha na kamati zetu nyingi za pwani, ambazo ni wenye vyombo na wazee wa mtaa. Mama anayechemsha dagaa na kuwaanika ndiye wa kwanza kuona kuwa samaki wamekuwa wadogo, lakini siku ya mkutano anaitwa kupika pilau.

Kazi yenyewe ni ya daftari kuliko ya kukimbizana: kuandikisha boti na nyavu, kupima samaki wanaoshushwa, kusimamia usafi wa mwalo, na kwenda doria pamoja na afisa uvuvi. Anayehama anatakiwa awe na barua ya BMU ya alikotoka. Kwa Tanga, barua hiyo peke yake ingetupunguzia ugomvi mwingi. Msimu wa dago, yaani kambi za wavuvi wanaohama, wanakuja watu wa Kojani kule Pemba, watu wa Vanga upande wa Kenya, na wengi wao ni jamaa zetu kwa damu au kwa ndoa. Ikisikika baruti alfajiri, lawama inakwenda moja kwa moja kwenye dago, kumbe aliyeirusha huenda analala nyuma ya msikiti na kila mtu anamjua. Daftari linaumbua mwenyeji pia.

Upungufu wa BMU ni kwamba inatakiwa kukamata watu iliyofuturu nao. Mwenyekiti mara nyingi ana boti. Asipokuwa nayo, ana deni kwa tajiri aliyemkopesha nyavu, na tajiri huyohuyo ndiye mwenye kokoro, wavu haramu wa kukokota. Halafu kuna mafuta ya doria. Baadhi ya BMU za ziwani zilikusanya ushuru kwa niaba ya halmashauri na kubakishiwa kiasi, na hizo ndizo zilizokuwa na petroli. Nyingine zilibaki na mhuri tu. Mwaka 2018, Serikali ilipoendesha Operesheni Sangara, nyavu haramu zilichomwa kwa marundo. Miaka mingi ya BMU ilikuwa imeshapita, na marundo yale bado yalipatikana.

Kisha kuna kitu ambacho BMU haina mkono nacho kabisa, nacho ndicho kinachoumiza ziwa leo: maji yenyewe. Udongo na mbolea za mashambani, majitaka ya miji, uchafu unaoshuka na Mto Mirongo katikati ya Mwanza, hata vumbi na moshi wa kuchoma mashamba vinavyorudi na mvua, vyote vinaongeza fosforasi. Mwani mdogo wa kijani unastawi, unakufa, unaoza, na kina cha chini kinakosa oksijeni. Gugumaji lilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuta shamba lililokwisha rutubishwa. Kilele chake kilikuwa karibu na mwaka 1998: mialo ilizibwa, mitumbwi ikashindwa kutoka. Lilipunguzwa sana na mbawakavu wadogo waliofugwa kwenye matangi kando ya ziwa, kazi iliyofanywa na wataalamu pamoja na wanavijiji, na mvua kubwa za El Niño nazo zikasaidia. Ila penye rutuba linarudi, kama Ghuba ya Winam pale Kisumu linakorudi kila baada ya muda. Doria hata ikilala majini mwaka mzima haikamati fosforasi.

Mwambani: kufunga kwa muda

Huku kwetu kufunga mwamba si habari ngeni. Mwaka 1994 mkoa ulianza programu ya hifadhi ya ukanda wa pwani kwa msaada wa Ireland na shirika la uhifadhi la IUCN, na kuanzia 1996 vijiji vya Mtang'ata, yaani upande wa Tongoni na Kigombe, vilikubaliana mipango ya pamoja ya uvuvi iliyojumuisha kufunga baadhi ya miamba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baruti ilipungua sana. Miaka ya 2000 ikarudi kwa nguvu, na haikushuka tena kwa maana mpaka vyombo vya dola vilipoanza kufanya kazi kwa pamoja katikati ya miaka ya 2010, vikifuatilia zinakotoka baruti na tambi zake na siyo kungoja mlipuko tu. Wazee walioshiriki Mtang'ata wakisema "tulishafanya, ikashindikana", wana haki ya kusema hivyo, lakini walichofanya wao kilikuwa kufunga kwa miaka. Kufunga kwa miaka kunahitaji mlinzi wa miaka.

Kufunga kwa pweza ni kitu kingine, na ndiko ningewaelekeza wengi. Kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kilianza mwaka 2004. Kisiwa Panza, Pemba, kikafuata baadaye, na kutoka hapo mtindo huo umeenea sehemu nyingi za mwambao. Sababu ni maumbile ya pweza mwenyewe. Anaishi mwaka mmoja au kupita kidogo, na anakua kwa kasi ambayo hakuna changu wala chewa anayeifikia. Ukimwacha pangoni miezi mitatu, yule ambaye leo ungemwona haya kumpeleka mizani, chini ya nusu kilo ambayo kanuni inakataza, anakuwa pweza wa kuuzwa. Mtu anayesubiri anaona faida kabla hajasahau kwa nini alisubiri.

Angalia siku ya kufungua inavyokwenda. Bamvua, siku za maji kupwa sana, imeshusha maji, mwamba uko wazi tangu saa tatu asubuhi. Akina mama wamejipanga na michokoo, fimbo za kuchokolea pweza, vikapu mgongoni, raba za kuchanika miguuni kwa ajili ya matumbawe, na hakuna anayeruhusiwa kupita bendera za mpaka wa sehemu iliyofungwa kabla ya ishara. Ishara ikitolewa hakuna anayekimbia, maana anayekimbia hulikosa tundu. Wanatembea wameinama, wanatazama ganda la kombe lililorundikwa mlangoni, dalili kwamba ndani kuna mtu. Mnunuzi yuko ufukweni na mizani, na bei imeandikwa kwenye kipande cha boksi ili asiibadilishe mchana. Hicho kipande cha boksi ndicho watu husahau. Vijiji vinavyofungua bila bei ya makubaliano hujikuta na pweza wengi kwa siku moja na mnunuzi mmoja anayewashusha atakavyo.

Njia hii ina hila zake. Ukifunga mwamba wote, mwanamume mwenye ngalawa anakwenda kwingine, na mwanamke anayetembea kwa miguu anakaa nyumbani miezi mitatu. Kwa hiyo ifungwe sehemu tu, na wachague hao wanaotembea ni sehemu gani. Pili, habari za kufungua husambaa. Wageni wakija kwa mabasi faida ya miezi mitatu huisha kwa bamvua moja na matumbawe yanakanyagwa. Tatu ni sheria, na hapa mjini kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo: serikali ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Mtaa hauna mamlaka hayo. Ukiwa Sahare au Mwambani, ndani ya Jiji, unategemea sheria ndogo za Halmashauri ya Jiji, kwa hiyo bendera yako mwambani ni ombi tu mpaka Jiji liseme neno. Kigombe au vijiji vya Mkinga wako mbele yako katika hilo.

Kwenye chanzo: Zigi

Njia ya tatu haina bendera wala pweza, na pengine ndiyo maana haina mashabiki pwani.

Mji wa Tanga unakunywa Zigi. Mto unatoka misitu ya Amani, unajaza Bwawa la Mabayani, unapita Amboni na kuingia baharini. Kila mkulima anayelima mpaka kwenye kingo, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka aache mita 60, anatuletea udongo wake bure. Bwawa linajaa tope, kusafisha maji kunapanda bei, na masika yakikolea tope linafika baharini na kulalia nyasi bahari na kamba za mwani. Miaka ya 2000 dhahabu ya Sakale iliongeza balaa lake juu huko, mpaka wachimbaji wakaondolewa.

Wakulima wa huko wana chama chao, UWAMAKIZI, Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi. Kazi yao ni ya jembe: makinga maji kwenye miteremko, miti na majani kwenye kingo, na mazao ya viungo yanayokaa ardhini miaka mingi, karafuu, mdalasini, pilipili manga, badala ya mahindi yanayoacha ardhi uchi kila msimu. Iliki nayo imo, ingawa ina lawama yake, kwa kuwa hupandwa chini ya msitu na kufyekewa miche ambayo ingekuwa miti ya kesho. Mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikishirikiana nao, na ina sababu: tope likipungua Amani, gharama inapungua Mabayani. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, kwa ajili ya miundombinu ya maji. Mwenye deni la namna hiyo hawezi kupuuza afya ya mto. Ziwa Victoria lenyewe lingekuwa na nafuu kubwa kama kila mji unaokunywa maji yake ungekuwa na mkataba na wakulima wa mito yake.

Kwa kikundi cha pwani, shida ni umbali. Huwezi kumwamrisha mkulima wa Amani, na matokeo yanachukua miaka, wala hakuna siku ya kufungua ya kumwonyesha mkuu wa wilaya. Unachoweza ni kuingia kwenye jumuiya ya watumia maji chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo inasimamia Zigi pia, na kupeleka ushahidi: tarehe, picha ya maji ya kahawia, kamba ya mwani iliyopakwa tope. Sauti ya wavuvi katika vikao vya mto ni adimu, na ndiyo maana husikilizwa.

Hifadhi ya bahari je?

Wapo watakaosema tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009, wenye hifadhi walinde. Hifadhi ina sheria, maboti na mamlaka ya taifa nyuma yake, na silikanti, wale samaki wa kale walionaswa na majarife karibu na Kigombe, walistahili kulindwa. Lakini kikundi hakichagui hifadhi. Hifadhi hutangazwa, nawe unaikuta. Ukiwa ndani ya mipaka yake, kufunga mwamba wa pweza kunaanza kwa mazungumzo nayo. Ukiwa nje, endelea.

Na Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, bomba linalokatiza bonde la Ziwa Victoria njiani, hakuna BMU, bendera wala mche wa karafuu utakaosaidia mafuta yakimwagika. Hilo ni la kudai mpango wa dharura kwa maandishi kutoka kwa wahusika, na wavuvi wajue namba ya kupiga.

Basi nani ashike lipi

Kwanza jua shida yako inatoka wapi, na hilo halihitaji maabara. Tembeeni wakati maji yametoka, kutoka mdomo wa mto au mtaro kwenda mbali nao. Kama uchafu, tope na ule mwani mwembamba wa kijani ni mwingi hapo na unapungua kila mkiondoka, shida imeshuka kutoka nchi kavu, na doria yoyote mtakayoinunulia petroli itakuwa fedha iliyotupwa. Kama maji ni safi lakini samaki wanazidi kuwa wadogo na miamba ina mashimo yenye vifusi vya matumbawe, shida iko kwenye vyombo vya uvuvi.

Penye shida ya uvuvi, angalia mnachovua. Pweza na kombe hawaendi mbali, mwamba wenu ni wenu, kwa hiyo fungeni. Ni njia ya bei nafuu kuliko zote, inalipa ndani ya msimu mmoja, na ikishindikana mmepoteza miezi mitatu tu. Dagaa, vibua na jodari hawana kwao, na anayewavua hapa leo kesho yuko Pangani au Moa. Hapo kufunga ni kujinyima kwa faida ya jirani, na BMU ya mtindo wa ziwa, yenye daftari, barua za wageni na jirani mnaozungumza naye, ndiyo inayofaa. BMU ya kijiji kimoja kwa dagaa ni kazi bure. Ziunganisheni tatu au nne za eneo moja, mgawane zamu na mafuta.

Penye shida ya nchi kavu, njia ya Zigi, hata kama mto wenu si Zigi. Kwa mitaa ya mjini ambayo tatizo lake ni mtaro na majitaka, ningeanza na Jiji kabla ya kupanda mkoko hata mmoja. Nimeona mikoko ikipandwa kwa mbwembwe mahali ambapo taka za mtaro ziliifunika kabla haijashika mizizi.

Vijiji vya kusini, Tongoni mpaka Kigombe, vyenye miamba na historia ya Mtang'ata, ningevishauri vianze na pweza, halafu daftari la BMU lijengwe juu ya imani iliyopatikana hapo. Kuanza na kukamatana ni kuanza na uadui. Mkinga, ambako wageni wa dago na mpaka wa Kenya viko karibu, ningeanza na daftari. Fedha za kuanzia zipo kidogo kwenye mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, lakini ule ni mkopo: unafaa kununua mizani, jokofu au boti ya kuvulia, haufai kulipia doria isiyorudisha shilingi.

Afisa uvuvi aonwe kabla ya mkutano, siyo baada yake, na mnunuzi wa pweza aalikwe akae mbele ya watu. Mkutano wenyewe uitishwe maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana. Ukiuitisha bamvua, wanaojua mwamba wote watakuwa mwambani, na mtapitisha mpango na watu wasiowahi kukanyaga kombe.